Wanapigwa Wanaponyanyuka: Chimbuko la Ukatili dhidi ya Wadalit

(Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam mwezi Aprili mbele ya wanafunzi wa sheria na wageni wao, ikanyooshwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Mwenyekiti, walimu wangu, wazee mliotutangulia, wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Masika haya yangempa mtu yeyote sababu ya kubaki nyumbani, kwa hiyo nawashukuru mliokuja, hasa mliovuka Jangwani. Tarehe 14 ya mwezi huu Wadalit, watu wa India wanaotengwa tangu kuzaliwa kwa kuonekana najisi, popote walipo husherehekea kuzaliwa kwa Bhimrao Ramji Ambedkar. Alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa kambi ya jeshi wa Mhow, mtoto wa askari, akaja kuongoza kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India. Ndiyo maana mada hii imeletwa sasa. Na swali nililopewa ni moja tu: kwa nini Wadalit wanapigwa, wanachomewa nyumba na kuuawa hadi leo, wakati katiba hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ilikwisha kusema katika kifungu chake cha 17 kwamba kumtenga mtu kwa kumwona najisi ni marufuku na ni kosa la jinai?

Jibu lililozoeleka mnalijua. Huo ni ushamba wa kale, wanasema. Watu wakienda shule na miji ikikua, utakwisha wenyewe. Mimi silikubali jibu hilo. Ukiyafuatilia matukio yenyewe, moja baada ya jingine, unakuta kinyume chake. Mdalit anayekaa pale alipowekwa, anayefagia, anayeondoa mizoga, anayelima shamba la tajiri kwa ujira wowote atakaopewa, anadharauliwa kila siku ya Mungu lakini mara nyingi fimbo haimfikii. Fimbo inatoka pale anapodai nyongeza. Anaponunua ekari mbili. Anapompeleka binti yake sekondari. Anapokwenda kituo cha polisi kutoa ushahidi.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu tunaowazungumzia. Maandiko ya kale ya Kihindu yanagawa watu katika makundi makubwa manne, na chini yake kuna maelfu ya matabaka ya kuzaliwa yanayoitwa jati, kila moja na kazi yake ya asili na ndoa zake za ndani. Wadalit ni wale waliowekwa nje kabisa ya yale manne, wakapewa kazi zinazogusana na kifo, kinyesi na uchafu. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliwahesabu zaidi ya milioni 201, yaani asilimia 16.6 ya watu wote. Na hesabu hiyo imewaacha nje Wakristo na Waislamu wenye asili hiyohiyo, kwa kuwa amri ya rais ya mwaka 1950 iliwatambua Wahindu karibu peke yao. Masingasinga wakaongezwa mwaka 1956 na Wabudha mwaka 1990. Mtu anaweza kubadili dini akapoteza kinga ya sheria, huku majirani wakiendelea kumwona yuleyule. Kusini mwa India kuna makaburi ya Wakristo ambamo Wadalit wanazikwa upande wao.

Sasa twende Tamil Nadu, kijiji cha Kilvenmani, katika bonde la mpunga la Thanjavur, mwaka 1968. Vibarua wa mashamba, Wadalit, walikuwa wamejiunga na chama cha wafanyakazi cha Wakomunisti na kutundika bendera nyekundu. Walichodai ni kuongezewa kipimo cha mpunga kwenye ujira wa mavuno. Si kiwanda, si ubunge, mpunga. Wenye mashamba nao wakaunda umoja wao na kuleta vibarua kutoka nje. Usiku wa tarehe 25 Desemba genge likavamia mtaa wa Wadalit. Waliokuwa na mbio wakakimbia. Waliobaki, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wakajibanza katika kibanda kimoja, mlango ukafungwa kwa nje, moto ukawashwa. Walikufa watu 44.

Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Madras, na mwaka 1973 wenye mashamba wakaachiwa huru. Wanafunzi wa sheria, hapa nawaomba msikilize kwa makini. Mahakama iliona ni vigumu kuamini kwamba matajiri wale, wenye ardhi kubwa kiasi kile, wangetembea wenyewe hadi mahali pale na kuchoma nyumba badala ya kuwatuma watumishi wao. Kwa maneno mengine, utajiri wa mshtakiwa ukawa ndio utetezi wake. Nimesoma hukumu nyingi za ajabu katika maisha yangu, lakini hiyo bado inanikosesha la kusema.

Mwaka 1985, Karamchedu, Andhra Pradesh, sababu ilionekana ndogo zaidi. Vijana wa tabaka lenye mashamba walikuwa wakihudumia nyati wao kwenye bwawa ambalo Wadalit walichota maji ya kunywa, uchafu ukiingia majini. Wakakatazwa. Mwanamke mmoja wa Kidalit aliyekuwa amekuja kuteka maji akainua chombo chake kujikinga na kipigo. Kesho yake, tarehe 17 Julai, mamia ya watu wakaushambulia mtaa wao, wanaume sita wakauawa na wanawake wakabakwa. Mwaka 2010 huko Mirchpur, Haryana, ilikuwa ni mbwa. Mbwa wa Mdalit aliwabwekea vijana wa Kijat, tabaka lenye mashamba huko, waliokuwa wakipita, maneno yakazaliwa, na siku mbili baadaye nyumba zikachomwa na mzee wa miaka 70 akafa motoni pamoja na binti yake mlemavu.

Magazeti yakiandika "ugomvi wa mbwa", msomaji anatikisa kichwa na kufungua ukurasa wa michezo. Lakini mbwa hakuua mtu Mirchpur. Ukichimba kidogo chini ya visa hivi unakuta jambo lilelile: kuna watu waliokuwa wakitii, wameanza kujibu. Karamchedu kulikuwa na vijana wa Kidalit waliosoma na waliopiga kura walivyotaka. Kilvenmani kulikuwa na chama cha wafanyakazi. Maji, mbwa, masharubu yaliyosokotwa, bwana harusi aliyepanda farasi (ndiyo, hadi leo kuna maharusi wa Kidalit wanaosindikizwa na polisi kwa sababu ya farasi), hayo ni mahali ugomvi ulipotokea. Kinachogombewa ni utii, na nyuma ya utii kuna kazi ya bei rahisi.

Ndipo tunafika kwenye ardhi, na hapa nitakaa kidogo, maana bila ardhi hadithi yote inabaki kuwa ya chuki tu.

Baada ya uhuru, India ilifuta umwinyi wa mazamindari, wale mabwana wakubwa waliokusanya kodi za mashamba chini ya Waingereza. Lilikuwa jambo jema. Ila ardhi kwa sehemu kubwa ikaenda kwa wapangaji wao, na wapangaji hao walikuwa watu wa matabaka ya kati: wakulima wenye nguvu, wenye ng'ombe, wenye ndugu wengi. Aliyekuwa kibarua wa mpangaji, yule aliyesimama matopeni kwa mikono yake, alibaki kibarua. Sheria za kuweka ukomo wa ukubwa wa mashamba zilipitishwa majimboni, na wenye nazo wakaandikisha mashamba kwa majina ya shemeji, watoto, hata marehemu. Kwa hiyo katika vijiji vingi tabaka moja likashika ardhi, halmashauri ya kijiji, duka la mikopo na, kupitia mtoto wa ndugu, kituo cha polisi. Mwanasosholojia M. N. Srinivas aliyaita matabaka ya namna hii kuwa matabaka tawala, maana utawala wa kijiji uko mikononi mwao hata kama hawako juu kabisa kwenye orodha ya utakatifu.

Ndiyo sababu anayeshika kiberiti mara nyingi si Brahmani, mtu wa tabaka la juu kabisa, la makuhani. Ni mwenye shamba wa tabaka la kati, ambaye babu yake naye alidharauliwa na Brahmani. Jambo hili huwashangaza wageni, wanaodhani waliobanwa wangeungana dhidi ya walio juu. Ambedkar alilieleza vizuri kuliko mtu yeyote: mfumo huu haukugawa watu pande mbili, umewapanga kwa daraja, heshima ikipanda na dharau ikishuka, kiasi kwamba karibu kila mtu ana wa kumdharau. Anayekaa daraja la nne ana cha kupoteza wa tano akipanda. Hata miongoni mwa Wadalit wenyewe kuna jati ambazo haziozani na haziketi kula pamoja. Mwaka 1936 Ambedkar alialikwa Lahore kuhutubia kikundi cha Wahindu waliotaka mageuzi. Waliposoma hotuba yake kabla ya siku wakatetemeka, mkutano ukafutwa. Ndani yake alisema kwamba tabaka haligawi kazi tu, linawagawa wafanyakazi wenyewe.

Simaanishi kwamba imani ya unajisi haina nguvu. Ina nguvu sana, na ndiyo inayofanya mtu mwema, anayesali na kulisha ndege, asione ubaya wowote katika anachotenda. Kuna migahawa ya chai vijijini, hasa kusini, iliyokuwa na glasi mbili: za watu, na za Wadalit, ambazo zilining'inizwa nje na mnywaji mwenyewe aliziosha. Utafiti mkubwa wa kaya uliofanywa India mwaka 2011 na 2012 uliuliza watu waziwazi kama nyumbani kwao wanafuata utaratibu wa kuwatenga walio najisi. Asilimia 27 ya kaya zilikiri. Zilikiri, mbele ya mgeni mwenye kalamu na karatasi, jambo ambalo ni jinai.

Na Ambedkar mwenyewe alilionja. Akiwa mtoto alikwenda shule na gunia lake la kukalia, na hakuruhusiwa kugusa bomba. Mhudumu wa shule alimfungulia, na asipokuwepo mhudumu, siku hiyo hakuna maji. Akasoma. Akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kisha London. Mwaka 1917 akarudi kufanya kazi serikalini Baroda, mtawala wake akiwa ndiye aliyemlipia masomo, na akakosa pa kulala. Hakuna nyumba ya wageni ya Kihindu iliyompokea. Akajiandikisha kwa jina la uongo katika nyumba ya wageni ya Waparsi, hadi kundi la watu wenye fimbo lilipopanda ngazi kumtoa. Ofisini nako tarishi walimrushia mafaili mezani wasije wakamgusa. Anayeniambia kwamba elimu itamaliza tatizo hili, ninamwomba anieleze kwanza huyu msomi alikosa shahada gani.

Wanawake ni habari nyingine, na ukatili dhidi yao hausubiri mtu anyanyuke. Mwanamke wa Kidalit anafanya kazi katika shamba la mtu, anachota maji kwa ruhusa ya mtu, anakwenda haja porini alfajiri kwa sababu hana choo, na kila mahali hapo anaweza kuvamiwa na mtu anayejua hatashtakiwa. Ajabu ya unajisi ni kwamba unasahauliwa kabisa usiku. Mwanamume wa tabaka la juu anaweza kumshika mwanamke wa Kidalit kwa nguvu na asiwe najisi; lakini kijana wa Kidalit akimwoa binti wa tabaka la juu kwa hiari yao wawili, vijiji vinaungua. Novemba 2012, wilaya ya Dharmapuri, Tamil Nadu, ndoa moja ya namna hiyo ilifuatiwa na kuchomwa kwa mitaa mitatu ya Wadalit, nyumba zaidi ya 200. Waliochoma walibeba pia dhahabu, televisheni na vyeti vya shule. Vyeti vya shule, jamani.

Ndoa ndiyo mlango wa mfumo mzima. Tabaka linaishi kwa sababu watu wanaozana ndani kwa ndani, na tafiti zinaonyesha ni takriban ndoa tano tu kati ya 100 zinazovuka mpaka wa tabaka. Binti anayejichagulia mume anavunja kitu kikubwa kuliko adabu ya nyumbani. Anafungua mlango wa urithi, na urithi wenyewe ni ardhi ileile niliyoitaja.

Nimegusa mahakama, nirudi huko, kwa kuwa hii ndiyo kazi yenu kesho. India haikosi sheria. Kuna ya mwaka 1955. Kuna ile kali ya mwaka 1989 ya kuzuia ukatili dhidi ya Wadalit na jamii za makabila, inayotaja kwa majina vitendo kama kumlazimisha mtu kula kitu kisicholika au cha kuchukiza na kumtembeza uchi. Mbunge hatungi kifungu cha namna hiyo bila sababu. Mwaka 2022 polisi walisajili kesi 57,582 za uhalifu dhidi ya Wadalit, na hizo ni zile tu zilizofika kwenye daftari. Kabla ya daftari kuna koplo anayekuuliza, "Una hakika unataka kumshtaki huyu?" Kuna muuza duka anayeacha kukuuzia chumvi, na mwenye shamba anayewaita vibarua wa kijiji kingine. Huko Mirchpur familia nyingi zilihama kabisa kijiji chao na kuishi kwenye mahema mjini Hisar kwa miaka.

Ukishinda yote hayo, unafika mahakama ya rufaa. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1997, jeshi la wenye mashamba lililojiita Ranvir Sena liliua Wadalit 58 huko Laxmanpur Bathe, Bihar, wakiwamo watoto wachanga. Mwaka 2010 mahakama iliwatia hatiani watu 26. Oktoba 2013 Mahakama Kuu ya Patna ikawaachia wote 26 kwa udhaifu wa ushahidi. Na katika mauaji ya Khairlanji, Maharashtra, Septemba 2006, ambapo mama mwenye kipande chake cha ardhi aliuawa pamoja na watoto wake watatu muda mfupi baada ya watu aliowatambua mbele ya polisi kupata dhamana, mahakama iliwaadhibu wauaji lakini ikakataa kuona tabaka ndani yake. Ilisema ni kisasi. Kisasi cha nini? Cha mwanamke wa Kidalit kutoa ushahidi. Sijui tabaka lingetakiwa kujitambulisha vipi zaidi.

Mtu anayefikiria kuua huyasoma haya yote. Sababu moja ya ukatili wa kesho ni hukumu ya leo.

Wapo wazee humu wenye asili ya Gujarat na Punjab, na nimewaona wakijigeuza vitini, kwa hiyo niseme la huku kwetu. Wahindi walikuja Afrika Mashariki na matabaka yao. Mafundi wengi wa Kisingasinga waliokuja zama za ujenzi wa reli ya Uganda walikuwa Ramgarhia, jamii ya maseremala na wahunzi ambayo huko Punjab ilidharauliwa na Wajat wenye mashamba. Huku wakawa ndio wengi, wakajenga gurdwara zao, yaani nyumba zao za ibada, wakapata mali. Wagoa wa Nairobi walikuwa na klabu ya makarani, na mafundi cherehani wakawa na chama chao kando. Tembeeni Kisutu, hapa mjini, mkahesabu majengo ya jumuiya. Lakini vijiji havikuungua Kisutu. Kwa nini? Kwa maoni yangu, kwa sababu hapa hapakuwa na shamba la mpunga la kulimwa na Mdalit, wala mwenye shamba wa kumtegemea polisi mpwa wake. Tabaka lilibaki katika ndoa na jikoni, likapoteza fimbo yake. Hilo linanithibitishia kwamba fimbo ilikuwa ikilinda kazi ya bure, na kwamba hoja ya utamaduni peke yake haitoshi.

Kazi chafu ya nyumbani na mjini, topasi na dobi na mpishi, huku ilimwangukia Mwafrika. Na tusicheke sana. Kuna nyumba nyingi Masaki na Mbagala, za Wahindi na za kwetu, ambamo dada wa kazi ana kikombe chake na sahani yake, na havichanganywi.

Mwaka 2001, huko Durban, mkutano wa dunia dhidi ya ubaguzi wa rangi ulifanyika katika ardhi ya Afrika. Wadalit walikwenda kwa mamia na ngoma zao wakiomba tabaka litajwe katika azimio. Serikali ya India ilipinga, ikisema ni jambo la ndani na si rangi. Halikutajwa. Viongozi wetu, ambao miaka michache nyuma walikuwa wameikataa hoja hiyohiyo ya "jambo la ndani" kutoka Pretoria, hawakugombana na Delhi kwa ajili yao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na Una, Gujarat, Julai 2016. Vijana wa Kidalit walikuwa wakichuna ng'ombe aliyekwisha kufa, kazi ambayo tabaka lao lililazimishwa kuifanya tangu mababu. Kundi la wanaojiita walinzi wa ng'ombe likawavua mashati, likawafunga kwenye gari na kuwachapa kwa fimbo za chuma hadharani, huku likipiga video na kuisambaza lenyewe. Hawa, mtasema, hawakunyanyuka, walikuwa kazini. Kweli, na ndicho kilichowachosha wenzao. Wadalit wa Gujarat waligoma kuondoa mizoga. Huko Surendranagar wakaibeba na kuimwaga mbele ya ofisi ya serikali, wakisema ng'ombe ni mama yenu, mzikeni wenyewe. Kisha wakaandamana kwa miguu kutoka Ahmedabad hadi Una, wakafika tarehe 15 Agosti, siku ya uhuru, na mwito wao ulikuwa huu: bakini na mkia wa ng'ombe, tupeni ardhi yetu. Walidai ekari tano kwa kila familia isiyo na shamba.

Februari 2018, katika wilaya ya Patan ya jimbo hilohilo, mwanaharakati mmoja wa Kidalit alijichoma moto mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya na kufa, kwa sababu familia aliyokuwa akiitetea ilikuwa bado haijamilikishwa kipande cha ardhi ilichokuwa ikikidai. Ahsanteni. Karibuni maswali, na wazee wangu wa Kisutu ninawapa nafasi ya kwanza.